Muuza Makufuli na Mbadala wa Kila Programu

Mtu akikuuzia kufuli halafu akakuuliza unakwenda kulifunga wapi, utamwelewaje? Mimi nilimwelewa vibaya. Ndiyo kwanza nilikuwa nahamia kwenye fremu yangu ya biashara, jengo la zamani mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, na fremu iliyopakana na yangu ilikuwa ya mzee mmoja anayeuza makufuli na kuchonga funguo. Nikasema ujirani mwema, kufuli nikanunue kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajanionyesha bidhaa akaniuliza:

"Unafunga wapi?"

"Hapo kwangu, Mzee. Mlango unaofuata."

"Ndani umeweka nini?"

Weee! Mimi mtoto wa Gerezani, nimekulia mjini hapa, na mtu anayekuuliza ndani umeweka nini huwa ana mpango wa kwenda kuangalia mwenyewe. Nikamjibu mna matambara. Ukweli ni kwamba mlikuwa na mashine yangu ya kudarizi, ile ya sindano nyingi inayoendeshwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta zilikuwamo nakshi zangu. Nadarizi kofia na nembo za shule. Mashine ukiibiwa utalia, utahangaika, utapata nyingine. Nakshi nimezichora mwenyewe, na watu wanazifuata kofia zangu kwa sababu ya hizo nakshi. Zikienda kwa mwingine mimi sina biashara. Kwa hiyo yule mzee nilianza kumchunga siku hiyo hiyo.

Sababu ya lile swali niliijua baadaye sana. Makufuli ya bei rahisi yanayokuja kwa makatoni yana aibu moja ambayo wauzaji hawaisemi: ufunguo wa hili unaweza kufungua na lile. Huko yanakotoka hawana muda wa kukata meno tofauti kwa kila moja. Mzee alikuwa anakaa asubuhi na katoni jipya miguuni, anajaribu kila ufunguo kwenye kila kufuli, na yanayofunguana anayatenga kwenye ndoo. Halafu ndiyo anakuuliza unafunga wapi, ili watu wawili wa korido moja wasije wakawa na ufunguo mmoja bila kujua. Angeweza kutuambia tu, tukamshukuru. Hakusema. Alikuwa radhi umdhanie vibaya kuliko kujieleza.

Jina lake silitaji, na ukweli ni kwamba pale hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mzee wa Makufuli, basi. Mimi aliniita Fundi. Alikuwa mwembamba, mikono myeusi kwa unga wa chuma, miwani imefungwa kwa uzi, na kichwani hakukosa kofia moja ya rangi ya maziwa iliyodariziwa kwa uzi wa kahawia. Sasa mimi kofia ndiyo kazi yangu. Jicho langu linapanda lenyewe kichwani kwa mtu kabla sijamtazama usoni. Na kila nikiitazama ile kofia, Mzee aligeuza kichwa, au alipandisha mkono kama anajikuna akaifunika. Mwanzoni nilidhani ana kidonda. Baadaye nikaona la, huyu ananificha kofia. Kofia ya kichwani, jamani, mchana kweupe, mtu anaificha ya nini?

Kwa kutoamini watu sijaona mfano wake, na mimi mwenyewe si mchezo. Ukimlipa kwa simu haridhiki na ujumbe ulioingia, anaangalia salio kwanza wewe umesimama. Akiletewa kahawa anamuuliza muuzaji maji ameyachota wapi. Adhana ikilia anatazama saa yake, kana kwamba mwadhini naye anaweza kumpiga chenga. Lakini simu yake hiyo hiyo haikuwa na namba ya siri, iliachwa kaunta hovyo kama kiberiti. Nikamwambia, "Mzee, wewe unauza makufuli, simu yako wazi?" Akasema, "Kwenye simu sina kitu. Kitu nikiwa nacho sikiweki humo."

Swali lake kubwa lilikuwa moja, na alimwuliza kila mtu juu ya kila kitu: "Ufunguo wa pili anao nani?" Ukimwambia umepanga chumba Ilala, atauliza ufunguo wa pili anao nani. Ukimwambia umeweka picha zako mtandaoni, atauliza vile vile. Na hapo ndipo ilipoingia hii habari ya Linux.

Kaunta yake ilikuwa na mashine ya kuchonga funguo, na pembeni ya mashine kompyuta kuukuu ya kukunja, imejaa vumbi la chuma, ina stika ya pengwini, yule ndege mweusi na mweupe asiyeruka. Wateja walidhani ni tangazo la aiskrimu. Ukimwuliza, kwisha habari yako. Atakuambia hiyo kompyuta haina Windows, ina Linux, haijalipiwa wala haijaibwa, na kwamba kila programu unayoijua wewe ina mwenzake huku. Unaandika barua? Kuna LibreOffice. Unasafisha picha? Kuna GIMP. Unachora? Kuna Inkscape. Alikuwa anazitaja huku anachonga, cheche zinaruka, hakuangalii.

"Bei gani?" nilimwuliza mara ya kwanza.

"Bure."

Nikacheka kwa nguvu. Bure! Kariakoo hii, ambako kukaa kivulini kwa mtu kuna bei yake? "Na wanaoitengeneza wanakula wapi, Mzee?"

Alizima mashine. Ilikuwa mara ya kwanza kuniona kama mtu mwenye akili. "Hilo ndilo swali. Na mimi niliwashuku hivyo hivyo. Niliwashuku muda mrefu kabla sijaiweka." Akachukua kufuli lililopasuliwa, alilokuwa akiwaonyesha wateja, tumbo wazi, pini zote na springi zake zinaonekana. "Hii iko hivi. Unaona ndani kila kitu. Asiyeamini anafungua anatazama. Ile Windows yako ya kuchakachua uliyopigiwa na vijana wa pale kona, unajua aliyeivunja aliacha nini ndani? Ufunguo wa pili anao nani?"

Nikasema moyoni, haya, mwizi naye ana mahubiri.

Maana mimi nilikuwa na hesabu yangu. Mtu anakupa kitu bure, anakuja mwenyewe kukuwekea kwenye kompyuta, hataki hata soda. Hapo anachotaka ni kilichomo ndani ya kompyuta. Kwangu mna nini? Nakshi. Hiyo ndiyo hesabu, na ilikuwa inatimia vizuri mno.

Wengine kwenye korido hawakuwa na wasiwasi kama wangu. Jamaa wa steshenari, kijana mcheshi aliyekuwa akichapa kadi za harusi na barua za kuombea kazi, alimkubali Mzee mara moja kwa sababu kompyuta yake ilikuwa inazimika kila saa. Mzee akamwekea Linux, ikawa nyepesi, jamaa akatamba korido nzima. Halafu ikaja kadi ya harusi. Mteja alikuja nayo kwenye flashi, imeandikwa kwa maandishi ya mapambo ambayo kompyuta mpya haikuwa nayo, ikachukua mengine mapana ikayaweka badala yake. Jamaa hakuangalia, akachapa mzigo mzima. Jina la bwana harusi lilikaa vizuri. La bibi harusi lilisukumwa likaangukia nyuma ya kadi, peke yake, kama ameshaachika. Mama wa binti alikuja pale amefunga kanga kiunoni, na mtaa mzima tukasimamisha kazi.

Mzee hakukubali kosa. "Herufi alikuwa aziweke, nilimwambia," alisema. "Programu haina tatizo." Yule mama akamgeukia: "Baba, mwanangu yuko nyuma ya kadi, unaniambia habari ya programu?" Wiki iliyofuata nilimwona kwa jamaa wa steshenari, anamwekea zile herufi moja moja, wote wawili hawasemi kitu. Hivyo ndivyo alivyoomba radhi, kama ile ni radhi.

Zamu yangu ilifika karibu na shule kufunguliwa, wakati ambao nembo za masweta zinanilisha mwaka mzima. Mteja aliniletea nembo kwenye flashi, nikaichomeka, kumbe ina virusi. Mafolda yote yakageuka vialama vidogo visivyofunguka. Programu yangu ya kudarizi, ambayo nayo ilikuwa ya kuvunjwa, sikulipia, nasema ukweli, ikagoma. Nikajaribu, ikagoma. Nikakaa kwenye kigoda. Kilichonibakia ni mafaili ya mashine, zile amri za sindano tu, kwenye flashi ya akiba niliyokuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga yangu. Hiyo flashi nilikuwa nalala nayo.

Mzee alisikia kimya cha mashine, akaja akasimama mlangoni. Hakuingia.

"Kuna mbadala," alisema.

"Najua utasema hivyo."

"Ile Inkscape ya kuchora. Unaongeza kipande kingine ndani yake, kinageuza mstari kuwa mshono. Kinaongea na mashine yako."

Nilimkazia macho. "Na wewe umejuaje habari za kudarizi, Mzee? Muuza makufuli?"

Akafunika kofia kwa kiganja. "Nimesoma," alisema.

Sikuwa na njia nyingine. Nikamruhusu. Lakini nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe, flashi kwenye pindo, nikamwambia naye akae mbali. Akaniambia nisijali, hatagusa kitu. "Nikishika mimi, kesho kikipotea kitu utasema nimeiba. Shika mwenyewe." Akavuta kigoda mpaka ukutani, mikono ameipakata, akawa ananielekeza kwa maneno jinsi ya kuweka Linux: bofya pale, subiri, ngoja isome. Kutwa nzima hivyo. Mtu mwingine angeona huo ni uungwana. Mimi niliona huyu ni mwizi mzoefu, anajua mpaka wenye mali wanavyofikiri.

Nakshi zikafunguka, ila rangi zikavurugika, maana faili la mashine linabeba mishono tu, halibebi rangi. Simba wa nembo ya shule alitoka wa kijani. Nikapiga ukelele. Mzee, kwa mara ya kwanza na nafikiri ya mwisho, nilimsikia akicheka, kicheko kikavu cha puani. "Mpe rangi yake," akasema, "ndiye yule yule." Nikampa. Nembo zikatoka kwa wakati, watoto wakavaa masweta yao, na mimi nikabaki na Linux kwenye kompyuta, natafuta ndani yake mlango ambao Mzee angepitia. Sikuuona. Hilo halikunituliza. Mlango mzuri wa siri ndio usioonekana.

Sasa kuhusu ile stoo yake. Kila fremu pale ina kachumba nyuma, na kati ya kachumba kangu na kake palikuwa na ukuta wa plaiwudi tu. Kake alikuwa anakafunga kwa kufuli zito la shaba ambalo hakuwahi kuwa nalo la kuuza. Kila Ijumaa akitoka msikitini anaingia humo, anajifungia kwa ndani. Ijumaa moja nilikuwa stoo natafuta uzi, nikasikia kupitia ukuta mlio mwororo wa kupanda na kushuka. Niliujua papo hapo. Ule mlio wa Windows ya zamani inapowaka.

Nilisimama na uzi mkononi. Huyu huyu! Aliyetuhubiria korido nzima, aliyewaharibia watu harusi kwa ajili ya Linux, ana Windows kaificha, kaifungia, anaiwasha kwa siri! Na programu kubwa za kudarizi zinakaa kwenye Windows, kila fundi anajua.

Jumamosi nikamvaa. "Mzee, huko stoo una kompyuta nyingine?"

"Ipo."

"Ina Linux?"

"Haina." Akawasha mashine ya kuchonga, kelele ikanifukuza.

Haikupita muda mrefu nikakutana nazo. Napita mtaa wa Sikukuu, machinga katandika turubai, kofia zimepangwa juu yake kwa marundo, za kutoka nje, nyepesi. Na juu ya kila moja ilikuwepo nakshi yangu. Mnyororo wa majani unaozunguka, jani dogo linalala juu ya kubwa, nakshi niliyoichora mimi mwaka ambao mama yangu anaumwa, nimekaa kitandani kwake. Nilishika moja nikahisi machozi na hasira vinapanda pamoja. Machinga anasema, "Dada chukua, mzigo mpya huo, umeshuka juzi bandarini." Nikainunua. Nilinunua nakshi yangu mwenyewe, wallahi.

Sikumwendea Mzee kumtukana. Niliacha kumwamkia tu, na mtu mzima akikosa shikamoo yako ya kila siku anajua limetokea jambo. Nikaenda Msimbazi nikanunua kufuli jipya, si kwake, kubwa kama kiganja, nikalitundika mlangoni. Asubuhi yake akasimama kulitazama.

"Kufuli hili si langu," alisema.

"Ndiyo. Si lako."

Akaingia kwake, akatoka na kitita cha funguo za kwenye ndoo. Akachagua mmoja, akajaribu. Akachagua mwingine, akautia, akazungusha, kufuli langu jipya likafunguka tak! Akaliacha linaning'inia, akarudi zake kukaa. Nilitaka kupiga kelele za mwizi, lakini mwizi gani anakuja mchana mbele ya mwenye mali, anamwonyesha kwamba mlango wake haufungi? Nikashika kichwa. Mtu huyu alikuwa ananichosha.

Kilichonizindua ni jani. Niliiweka ile kofia ya machinga kando ya kompyuta, nikafungua nakshi yangu ili niwe na ushahidi wa kumwekea mbele ya watu. Nikalinganisha. Nyuma ya kofia, karibu na mwanzo wa mshono, jani moja lilikuwa limeegemea upande, kama limepigwa teke. Kwenye kompyuta lilikuwa limenyooka. Nikatazama tena. Halafu nikakumbuka: kuna fungu moja la kofia ambalo fremu ya kubania kitambaa iliteleza katikati ya kazi, jani likakaa upande, nikaziuza hivyo hivyo kwa rejareja, nani atachungulia kisogo cha mtu? Basi aliyechungulia ni mwizi. Alinunua kofia moja, akaipeleka kwao, wakaiga kila uzi pamoja na kosa langu, wakarudisha kontena zima. Wangekuwa na faili la kompyuta, jani lingekuwa limenyooka.

Hakuna aliyeingia kwenye kompyuta yangu. Nilijisikia nafuu na nilijisikia mjinga, vyote viwili, na nafuu ilizidi kidogo.

Nikatoka mpaka kwake. "Shikamoo, Mzee."

Alinitazama juu ya miwani. "Marahaba. Umemkamata?"

"Kumkamata nani?"

"Uliyekuwa unamtafuta kwangu."

Nikamwonyesha jani, nikamweleza. Nilidhani atatamba. Badala yake akaichukua ile kofia ya machinga, akaigeuza ndani na nje, akaanza kuuliza pole pole, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini.

"Kwa hiyo hawakuwa na faili?"

"Hawakuwa nalo."

"Walikuwa na kofia tu. Na kwa kofia tu wameirudisha nakshi kwenye kompyuta?"

"Mtu akiwa na jicho na uvumilivu anairudisha. Unaitandaza, unafuata mshono mmoja mmoja, unachora upya. Hata mimi naweza."

Mkono wake ukapanda kichwani, ukakaa hapo. Alifunga duka mapema siku ile, na mimi nikarudi kununua kufuli kwake kama zamani. Aliniuliza nafunga wapi.

Baada ya hapo habari ya kofia hakuigusia tena msimu mzima, na mimi sikumwuliza. Miguu ikaanza kumsumbua, binti yake akawa anamtaka ahamie Chanika. Mwisho alikubali kuiachia fremu. Leo pale pana kijana anauza vioo vya simu. Siku anakusanya vitu vyake, aliniita.

"Fundi. Njoo huku nyuma. Simu yako iache kaunta."

Nikaiacha. Alifungua lile kufuli la shaba. Nilikuwa nimekitengeneza kile chumba kichwani mwangu kwa miaka, nimekijaza mashine na mafaili ya wizi. Mlikuwa na meza, kiti, na kompyuta ya zamani yenye kioo cha kisogo kirefu, imefunikwa kanga. Akaiwasha. Mlio ule ule. Akafungua folda, zikatokea picha ndogo zote za aina moja, kila moja na jina: Harusi ya Mwanaidi, Ya Idi, Ya mzee wa Bagamoyo. Akabofya moja. Kikatokea kijisanduku kinachodai ufunguo.

"Programu ya kudarizi," alisema. "Ya mke wangu. Kabla yako wewe, hiyo fremu yako ilikuwa yake."

Akafungua droo akatoa kidude mfano wa flashi, kimeungua upande. Zamani programu hizo ziliuzwa na kidude hicho. Bila kukichomeka hazifunguki. Mke alifariki, mwaka uliofuata umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, kidude kikaungua. Mzee akawaandikia walioitengeneza. Kampuni ilishafungwa.

"Mimi nachonga funguo za mji huu wote," alisema. "Haka kamenishinda. Ufunguo wa pili walikuwa nao wao, na wao hawapo. Kila nikisikia kuna programu mpya ya bure inayofungua mafaili ya zamani, naijaribu Ijumaa. Linux nzima nimeijua kwa kutafuta hii moja. Haipo."

"Mzee," nilisema, "miaka yote hiyo mimi nilikuwa hapo ukutani. Kudarizi ndiyo kazi yangu. Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Kwa sababu kudarizi ndiyo kazi yako. Ningekufungulia mlango Ijumaa, Jumatatu nakshi za mke wangu ziko Msimbazi."

Nilitaka kukasirika. Nilishindwa. Nikaanza kucheka, na kumbe nalia. Mimi namlinda asiniibie, yeye ananilinda nisimwibie, katikati yetu plaiwudi.

Nikarudi kwenye kioo kusoma yale majina. La mwisho kabisa liliandikwa: Ya bwana. Nikanyanyua macho taratibu mpaka kichwani kwake, na safari hii hakugeuka.

"Kofia nyingine aliziuza zote," alisema. "Imebaki hii."

Akaivua. Sikuwahi kumwona kichwa wazi. Kilikuwa cheupe kuliko uso, na mstari wa kofia umezunguka paji. Hakunipa mara moja, aliishika kwa mikono miwili.

"Usiipige picha."

"Sipigi."

"Asiishike mtu mwingine. Ukishaichora, ikae kwenye ile Linux, sitaki kusikia umerudi kwenye programu ya kufungwa."

"Sitarudi."

Akaniwekea mkononi. Ilikuwa na joto lake bado, na harufu ya sabuni. Nikaigeuza, nikaona mishono ya ndani jinsi ilivyofungwa, na nikajua yule mama alikuwa fundi kunizidi. Mzee akanitazama ninavyoishika. Halafu, kama nilivyojua, akauliza.

"Mlango wako. Ufunguo wa pili anao nani?"

Nilitoa funguo zangu kwenye pindo la kanga. Zilikuwa mbili, zote nilikuwa natembea nazo mimi, hata mume wangu hajawahi kupewa. Nikachomoa mmoja, nikamwekea kiganjani.

"Unao wewe, Mzee."

Hakusema asante. Alitoka kichwa wazi, korido nzima inamtazama, akaenda mpaka mlangoni kwangu, akaufunga, akatia kufuli, akaujaribu ule ufunguo. Likafunguka. Akalifunga tena, akalivuta kuona limeshika, akautia ufunguo mfukoni, akaenda zake Chanika. Lile kufuli sijalibadilisha.